Niombe programu ngapi za ubingwa wa meno ya watoto Marekani?

Swali: Nilihitimu udaktari wa meno Muhimbili, nikafanya kazi miaka mitatu katika hospitali ya rufaa ya mkoa kabla ya kuhamia Minnesota. Nina grini kadi, na INBDE, mtihani wa kitaifa wa bodi ya meno, nimeshafaulu. Nataka kusomea ubingwa wa meno ya watoto. Mwenzangu aliyesoma hapa hapa Marekani aliomba programu 12 akapata. Wengine wananiambia kwamba mtu aliyesoma Afrika asiombe chini ya 60. Nimeweka akiba dola 3,000. Niombe ngapi?

Jibu: Daktari, kwa hali uliyoieleza, omba 20. Kati ya hizo, 16 ziwe za meno ya watoto na 4 ziwe za mwaka mmoja za tiba ya jumla ya meno, zile zinazojulikana kwa vifupisho vya GPR na AEGD. Ila namba hiyo itakufaa tu ikiwa hizo 16 umezichuja vizuri. Ukiziokota ovyo, hata 60 zitakuacha bila usaili.

Kwanza, 12 za mwenzako haziwezi kuwa kipimo chako. Yeye amehitimu chuo chenye ithibati ya CODA, tume inayothibitisha mafunzo ya meno Marekani. Programu zote zinaweza kulipokea faili lake na kulisoma, na walimu waliomwandikia barua wanafahamika na wakurugenzi wengi. Wahitimu wa Kanada nao huhesabiwa hivyohivyo, kwa sababu nchi hizo mbili zinatambuliana ithibati. Wewe umetoka nje ya mzunguko huo. Ziko programu ambazo mfumo wao au sera ya hospitali yao itakuondoa kabla mtu hajasoma hata mstari mmoja wa barua yako. Kila ada unayolipa huko ni pesa iliyopotea, kwa kuwa ada za maombi hazirudishwi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua ni programu zipi zinaweza kukuita. Programu za meno ya watoto nchini ni zaidi ya 70. Andika zote kwenye jedwali, kisha anza kuzipunguza. Ukurasa wa programu kwenye ADEA PASS, ambao ndio mfumo mkuu wa maombi, pamoja na tovuti ya programu yenyewe, utakuonyesha makundi matatu. Liko kundi linalosema wazi kwamba linapokea wahitimu wa vyuo vya CODA pekee. Hilo lifute bila huruma. Liko linalopokea waliosoma nje kwa masharti, kama ADAT (mtihani wa kuombea mafunzo ya juu ya meno), TOEFL (mtihani wa Kiingereza), au mwaka mmoja wa mafunzo ya kliniki ndani ya Marekani. Na liko linalosema tu kwamba waombaji wote wanakaribishwa. Hilo la mwisho ndilo linalowapotosha watu wengi zaidi.

Maneno ya tovuti usiyaamini peke yake. Fungua ukurasa wenye picha na wasifu wa madaktari walio mafunzoni, uangalie walisoma wapi. Ukiweza, tazama madarasa matatu mfululizo. Programu yenye madaktari 18 waliopita, na wote wamesoma Marekani, imeshakujibu hata kama tovuti inakukaribisha. Programu ambayo kila mwaka ina mmoja au wawili kutoka Cairo, Lagos, Mumbai au Bogotá ina mkurugenzi anayejua kusoma transkripti ya nje, na ina ofisi inayojua taratibu zake. Hizo ndizo zako. Si lazima kuwe na Mtanzania au Mkenya ndani yake. Inatosha kuona kwamba mlango huo umewahi kupitwa.

Pale ambapo wasifu haupo, mwandikie mratibu wa programu barua pepe fupi yenye maswali matatu: je, mnawaita kwenye usaili waliosoma chuo kisicho na ithibati ya CODA; je, ADAT ni ya lazima kwao; je, bodi ya meno ya jimbo lenu inatoa kibali cha mafunzo kwa mhitimu kama mimi? Swali la tatu husahaulika sana. Daktari aliye mafunzoni kwa kawaida huhitaji kibali au leseni ya muda ya jimbo, na kila jimbo lina sheria zake. Programu inaweza kukupenda lakini jimbo likakwama. Mratibu asiyejibu baada ya wiki mbili na kumbusho moja, mweke chini ya orodha.

Grini kadi yako inakufungulia milango ambayo wengine hawana. Hospitali nyingi zinazoendesha mafunzo haya hazitaki kabisa kushughulika na viza. Msomaji mwenye hali kama yako lakini asiye na grini kadi aongeze safu nyingine kwenye jedwali: programu inadhamini J-1, H-1B au F-1, au haidhamini chochote? Safu hiyo pekee huweza kukata orodha kwa kiasi kikubwa.

Chujio linalofuata ni pesa ya masomo yenyewe. Programu za meno ya watoto huchukua miezi 24 kwa uchache. Zile zilizo chini ya hospitali za watoto kwa kawaida hukulipa mshahara wa mafunzo. Baadhi ya zile za vyuo vikuu hutoza ada, na ada hiyo inaweza kuwa makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka. Hapo awali mwenye grini kadi aliweza kufidia pengo kwa mkopo wa serikali wa Grad PLUS, lakini mkopo huo hautolewi tena kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, na mikopo iliyobaki ina ukomo. Programu ambayo hungeweza kuilipia hata ikikuchukua, usiiombe. Kuiweka kwenye orodha ili namba iongezeke ni kulipia kitu ambacho utalazimika kukiacha.

Baada ya hapo utabaki, tuseme, na programu 20 hadi 25. Usifadhaike kuona zimepungua, maana hesabu yenyewe iko upande wako. Chukua mfano. Tuseme programu iliyochujwa ina nafasi moja kati ya tano ya kukuita usaili, na ile isiyochujwa ina moja kati ya ishirini. Ukiomba 16 zilizochujwa, utarajie usaili tatu hivi, na uwezekano wa kukosa hata mmoja ni kama asilimia 3. Ukiomba 60 zisizochujwa, utarajie usaili tatu vilevile, na uwezekano wa kukosa kabisa ni karibu asilimia 5. Matokeo yanakaribiana, ila gharama ni mbingu na ardhi. Ada za PASS hubadilika kila mwaka, lakini kwa makadirio ya dola 200 kwa programu ya kwanza na 100 kwa kila inayofuata, 16 zinagharimu dola 1,700 na 60 zinagharimu 6,100.

Hesabu hiyo ina udhaifu mmoja ambao ni lazima uufahamu. Inachukulia kwamba kila programu inaamua kivyake, kama kurusha sarafu upya kila mara. Kwa kweli zote zinasoma faili lilelile. Kama kuna kasoro ndani yake, kila anayelifungua ataikuta. Barua ya mwalimu yenye mistari minne isiyosema kitu itakuwa dhaifu Boston na itakuwa dhaifu Houston. Ndiyo maana kutoka 16 kwenda 30 huongeza kidogo kuliko namba zinavyoahidi, na ndiyo maana ninakusihi dola 300 za programu tatu za mwisho uzipeleke kwenye kuimarisha faili.

Na faili la mhitimu wa nje hupwaya mahali panapojulikana. INBDE hutoa jibu la kufaulu au kufeli tu; haimwambii mkurugenzi kama ulifaulu kwa shida au kwa kishindo. Alama za Muhimbili au Nairobi hajui azilinganishe na nini. Kwa hiyo ADAT, ambayo alama zake huanzia 200 hadi 800, inakuwa kipimo pekee kinachokuweka kwenye mstari mmoja na wengine. Hata pale isipokuwa ya lazima, kwako ni ya muhimu. Ukiwa na alama nzuri, ile moja kati ya tano inaweza kuwa moja kati ya nne. Kitu kingine ni barua kutoka kwa daktari wa Marekani aliyekuona na watoto. Tafuta kliniki ya watoto au kituo cha afya cha jamii ambako unaweza kushinda ukitazama au kusaidia kazi zisizohitaji leseni, kwa miezi, si kwa wiki moja. Anayekuandikia awe amekuona ukimtuliza mtoto wa miaka minne anayelia, ukizungumza na mama yake, na ukirudi kesho yake bila kuchelewa. Mkurugenzi wa programu ya watoto anatafuta tabia hiyo kuliko ustadi wa kuchonga jino.

Hapa kuna jambo ambalo watu wetu huliacha nyuma. Wakimbizi wa Kongo wanaozungumza Kiswahili wameishi kwa wingi katika miji kama Louisville na Columbus, na watoto wao hufika kwenye kliniki za meno na hospitali za watoto za huko. Programu inayowahudumia ina haja ya kweli na daktari anayeweza kumweleza mzazi, kwa lugha yake, kwa nini mtoto atalazwa usingizi ili meno manane yatibiwe kwa mara moja. Kama umewahi kutafsiri kliniki au kufundisha usafi wa kinywa kanisani au msikitini kwenye jamii hiyo, liandike, na programu za miji ya namna hiyo zipandishe juu kwenye orodha. Kama hujafanya, usidai, anza sasa.

Ukubwa wa darasa nao uangalie. Programu yenye nafasi 2 kwa mwaka inaweza kuijaza na wanafunzi wa chuo chake mwenyewe. Yenye nafasi 8 au 10 ina pumzi ya kumjaribu mtu aliyetoka mbali. Zipo pia zenye vituo vingi, kama NYU Langone, ambayo ina vituo katika majimbo kadhaa. Kwa programu kama hizo soma kwa makini unavyochagua vituo, kwani katika Match, mfumo unaowagawa waombaji kwenye programu kwa kulinganisha machaguo ya pande zote mbili, kituo kinaweza kuwa na namba yake, na aliyechagua kimoja tu amejinyima vingine. Katika hizo 16 zako, ningependa angalau 10 ziwe na darasa la watu watano au zaidi.

Sasa bajeti. Maombi 20 kwa makadirio yale ni dola 2,100. Zinabaki 900. Humo toa ada ya kujiandikisha kwenye Match, ambayo ni tofauti na PASS. Toa ada za ziada za baadhi ya programu, kwani zipo zinazotoza dola 50 na zipo zinazotoza zaidi ya 100. Toa pia gharama ya kutuma ripoti za mitihani. Kitakachobaki ni cha safari. Usaili mwingine hufanyika kwa video, mwingine hutaka ufike, na ndege na malazi kwa safari moja vinaweza kula dola 500 kwa urahisi. Aliyemaliza akiba yote kwenye maombi hujikuta ameitwa na hana nauli, na hilo ni chungu kuliko kutokuitwa. Ukipata dola 1,000 zaidi, ongeza programu nne au tano zilizopita chujio; pesa itakayobaki iwe ya safari.

Zile 4 za GPR na AEGD zina sababu ya kiufundi. Match ya meno, inayoendeshwa na National Matching Services, ina awamu mbili. Awamu ya kwanza ina othodontia (kunyoosha meno), magonjwa ya fizi, meno bandia na utoaji wa dawa ya usingizi kwa wagonjwa wa meno. Ya pili, ambayo majibu yake hutoka mwishoni mwa Januari, ina meno ya watoto, upasuaji wa kinywa na taya, pamoja na GPR na AEGD. Kwa kuwa meno ya watoto na GPR ziko awamu moja, unaweza kuziweka kwenye orodha moja ya upendeleo: zote za watoto juu, GPR chini. Mfumo hautakugusia GPR mpaka za watoto zote zimekukosa. Mwaka mmoja wa GPR hospitalini utakupa barua za walimu wa Marekani na uzoefu wa kutibu wagonjwa chini ya usingizi, na utaomba tena ukiwa mtu mwingine machoni mwao. Chagua zile zinazokiri kupokea waliosoma nje; chujio ni lilelile.

Kuhusu muda, PASS hufunguka Mei, na mwisho wa kupokea maombi ya meno ya watoto huangukia zaidi Septemba na Oktoba, kila programu na tarehe yake. Baada ya kutuma unaweza kuongeza programu, lakini huwezi kuiondoa wala kuibadilisha. Itumie kanuni hiyo: tuma 12 mapema, Juni au Julai, kisha 8 zilizobaki uziongeze Agosti baada ya waratibu kukujibu. Kinachochelewesha watu wa kwetu karibu kila mara ni transkripti. PASS hutaka tathmini ya somo kwa somo kutoka ECE au WES, na taasisi hizo hutaka karatasi zitoke moja kwa moja kwa msajili wa chuo, si mkononi mwako. Ripoti ya ECE uliyotumia kwa ajili ya INBDE huenda si ya aina hiyo, hakiki mapema. Ombi la transkripti lipelekwe miezi minne au mitano kabla ya Mei, na awepo ndugu au rafiki Dar es Salaam wa kufuatilia dirishani kwa msajili. Angalia pia jina: kama pasipoti ina majina matatu na cheti kina mawili, litatue sasa.

Kwa wanaosoma hili wakiwa na ubingwa mwingine akilini, namba hubadilika. Tiba ya mzizi wa jino haimo kwenye Match. Programu hutoa nafasi moja kwa moja na kukupa siku chache za kujibu, na baadhi hufunga maombi mapema sana, hivyo kuwahi kuna uzito kuliko wingi. Upasuaji wa kinywa na taya hutegemea kwanza alama ya CBSE, mtihani wa sayansi za msingi za tiba. Alama ikiwa chini, maombi 50 hayataiokoa, na aliyesoma nje hukuta milango michache mno. Othodontia ina ushindani mkali, na baadhi ya programu hutoza ada kubwa. Meno bandia na magonjwa ya fizi ndiyo yaliyowapokea waliosoma nje kwa wingi zaidi. Huko programu 10 hadi 15 zilizochujwa huweza kutosha.

Kuna sababu nyingine ya kutotapanya maombi 60. Wakurugenzi wa meno ya watoto si wengi, na faili huacha kumbukumbu. Ukituma faili dhaifu kila mahali mwaka huu, mwakani utaomba kwa watu walewale walioshakukataa.

Usaili ukianza kuja, swali linageuka kuwa: nipange programu ngapi kwenye orodha ya upendeleo? Panga zote ulizosailiwa ambazo ungekubali kwenda, bila kuacha hata moja, kwa mpangilio wa moyo wako. Hesabu ya Match huanza na matakwa ya mwombaji: inakupeleka kwenye chaguo lako la kwanza, wasipokuchukua inashuka la pili, na kuendelea. Alvin Roth na Lloyd Shapley walipata Nobel ya uchumi mwaka 2012 kwa kazi ya aina hii. Faida yake kwako ni kwamba kuweka juu programu ngumu unayoipenda hakupunguzi nafasi yako kwenye zile za chini, na kuipandisha programu kwa sababu unadhani inakutaka kunaweza kukunyima ile uliyoitamani. Kwa maoni yangu, mwenye programu tatu tu kwenye orodha bado yuko hatarini. Mwenye sita au zaidi anaweza kulala. Ambayo hungekwenda, usiipange kabisa, kwani majibu ya Match yanakufunga.

Orodha hiyo huwasilishwa mapema Januari na ni lazima uithibitishe ndani ya mfumo. Iliyoandikwa bila kuthibitishwa haihesabiki. Iwapo majibu yatatoka na hujapata, programu zenye nafasi zilizobaki hutangazwa papo hapo, na siku mbili za mwanzo ndizo za kupiga simu. Kwa hiyo kabla ya siku ya majibu uwe na barua fupi iliyokamilika, wasifu ulioboreshwa, na simu za walimu wawili waliokubali kupigiwa, pamoja na jedwali lako la programu zilizopita chujio ambazo hukuziomba.